Alichokiona Wambeti

Siku ya nne baada ya Nyamu kukamatwa, mkewe, Rwamba, alivuka hatua kumi zilizotenganisha nyumba yake na ya Wambeti, akasimama mlangoni bila kubisha hodi. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kazi ya kuchimba handaki, na udongo mwekundu ulikuwa umemganda mpaka kwenye nyusi.

"Mama Karimi," alisema, "nimekuja kukuuliza neno moja tu. Ulimwona?"

Wambeti alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua uso. "Nilimwona."

"Kwa macho yako haya?"

"Kwa haya, na kwa yale ambayo Bwana amenipa juu ya haya."

"Mume wangu alikuwa Kiirua siku hiyo. Alikuwa kazini. Ulichokiona mimi sikijui, lakini hakikuwa Nyamu."

"Basi kamwulize Mungu," alijibu Wambeti, akaendelea kuchambua. Rwamba alipoondoka, Wambeti aliona kwamba maharagwe mabovu alikuwa akiyarudisha pamoja na mazima.

Nyamu alikuwa ndugu mdogo wa mume wa Wambeti, Mwaniki. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasulia mbao huko Kiirua, upande wa Meru, na nyumbani Embu alikuja kwa nadra, maana miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, mtu hakuvuka mto bila pasi. Watu wote wa mteremko ule walikuwa wameondolewa mashambani mwao na kusongamanishwa katika kijiji kimoja chenye handaki la miti iliyochongwa, lango moja na mnara wa homgadi, askari wenyeji wa serikali. Nyumba zilikaribiana hivi kwamba ukikohoa kwako jirani anakupa pole.

Kanisa lilichomwa Alhamisi, tarehe kumi na saba Machi, mwaka wa hamsini na tano, yapata saa tatu asubuhi. Watu walikuwa kazini. Wambeti peke yake ndiye aliyebaki, kwa sababu alikuwa katika siku ya tatu ya kufunga, na Mzee Mbaka, kiongozi wa ushirika wa waliookoka, alikuwa amemwombea ruhusa. Wambeti alijulikana kwa kuona. Aliwahi kusema mtoto fulani atapona, akapona. Aliwahi kusema barua inakuja, ikaja. Yale aliyoyasema yasitokee hakuna aliyeyaweka akilini, hata yeye mwenyewe.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni. Wambeti alitoka nje akishikilia ukuta kwa kizunguzungu, akaona moshi upande wa kanisa, na katikati ya moshi na ukungu akaona mtu mrefu aliyevaa koti, akitoka na bua la moto mkononi. Wakati uleule kifua chake kilijaa joto, na jina likamjia kama lililotamkwa sikioni: Nyamu. Mtu yule akatoweka. Jioni Wambeti alisimama mbele ya chifu na bwana shauri, afisa wa wilaya, akasema alichokiona na jinsi alivyokijua, na Jumapili akayarudia mbele ya ushirika. Nyamu aliporudi nyumbani kwa Pasaka, pasi yake mkononi na kilo mbili za sukari mfukoni, alikamatwa pale pale langoni.

Alikuwa na kovu jipya kwenye kiganja cha mkono wa kulia, bado jekundu, lenye alama za nyuzi saba. Alisema alikatwa na msumeno kazini. Waliomhoji walicheka. Walisema alijikata akiruka miti ya handaki siku ya moto. Kwa hiyo kovu nalo likawa shahidi dhidi yake.

*

Tangu siku ile Wambeti alipewa heshima ambayo hakuwahi kuipata. Kwenye ushirika aliketi mbele. Wanawake waliacha kumsukuma kwenye foleni ya maji. Serikali ilitoa mabati ya kujenga kanisa jipya, na Mzee Mbaka alisema mbele ya watu wote kwamba mabati yale yamekuja kwa ushuhuda wa dada yetu.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwaniki hakumpiga wala hakumtukana. Alichukua sahani yake kila jioni akaenda kula nje, mgongo ukiwa kwa mlango. Wambeti akimsemesha, alijibu, lakini kama mtu anayejibu karani.

"Unadhani nilimsingizia ndugu yako?" Wambeti alimwuliza siku moja.

"Sikusema hivyo."

"Unadhani nini basi?"

Mwaniki alipangusa sahani kwa kidole. "Nadhani ulikuwa na njaa ya siku tatu, na kulikuwa na ukungu. Na Nyamu alikuwa amekucheka Krismasi. Ni hayo tu ninayojua. Mengine unayajua wewe na Mungu wako."

Ilikuwa kweli Nyamu alimcheka. Wakati wa Krismasi, mbele ya wageni, alisema, "Shemeji, wewe huoni mambo ya mbinguni. Unaona mambo ya tumbo tupu. Kula kwanza ugali, kisha utuambie kama malaika bado yupo." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wambeti alitabasamu pamoja nao, na kicheko kile alikaa nacho moyoni miezi mitatu.

*

Mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zimekolea, Wambeti alikunywa uji wake asubuhi akashiba, akatoka kwenda kuchota maji. Ukungu ulikuwa mzito. Karibu na lango alimwona Mwaniki akija, koti lake la kijeshi begani, akichechemea kidogo kwa ajili ya kiuno kilichokuwa kikimsumbua. Moyo wake ulilainika. Miezi miwili hawakuwa wameongea neno la mke na mume.

"Baba Karimi," alimwambia kwa sauti ya chini, "kiuno bado kinakuuma? Rudi nyumbani nikukande. Tusikasirikiane zaidi ya hapa."

Mtu yule alisimama. Kisha akacheka kicheko kikubwa. Hakuwa Mwaniki. Alikuwa homgadi kutoka Mbeere, mfupi kuliko Mwaniki kwa kichwa kizima, na kilichokuwa begani mwake hakikuwa koti bali gunia alilojifunika mvua.

"Mama, nikande basi!" alisema. "Hata mimi kinaniuma!"

Wenzake mnarani walisikia. Kuanzia siku hiyo, kila Wambeti alipopita langoni, sauti ilitoka juu: "Mama, nikande!" Mwombaji, mwonaji, mwanamke aliyeketi mbele kanisani, akawa mzaha wa vijana wenye bunduki.

Lakini si hilo lililomnyima raha. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa na hakika. Alirudia tukio lile kichwani huku akipika, huku akilima, huku akipiga magoti. Hakuwa amekisia. Alikuwa amemwona mume wake, uso wake, mwendo wake, koti lake. Joto lilikuwa limemjaa kifuani. Na hakika ile ilikuwa ni ileile ya siku ya moto. Aliziweka mbili pamoja asione tofauti yoyote, hata ya unywele. Kama moja ilikuwa ya uongo, ile nyingine ilikuwa na nini cha kuithibitisha?

Usingizi ulianza kumkimbia. Wiki ya pili alimwambia Mwaniki yote, hata maneno ya kukandwa. Mwaniki hakucheka.

"Uko na pasi?" aliuliza.

"Ya nini?"

"Ya Kiirua. Nyamu alisema alishonwa mkono huko kwenye zahanati. Mahali watu wanaposhonwa kuna kitabu. Nimeomba mara tatu nipewe pasi niende, nimekataliwa kwa sababu mimi ni ndugu wa mshtakiwa. Wewe ndiwe shahidi wao. Wewe hawatakukatalia."

Ilikuwa kama alivyosema. Mzee Mbaka alimwandikia barua mwenyewe. Wambeti alimwambia anakwenda kuunyamazisha mdomo wa Rwamba, na alipoyasema maneno hayo bado nusu yake iliyaamini.

*

Safari ilimchukua siku mbili, akipakiwa kwenye lori la mahindi kupitia Chuka na Kanyakine, akionyesha pasi kwenye kila kizuizi. Askari mmoja alimshusha akamwamuru avue kitambaa cha kichwa, akakikung'uta kana kwamba kulikuwa na risasi ndani yake. Kiirua kulikuwa na baridi kavu na upepo. Zahanati ilikuwa chumba kimoja cha mbao.

Mwuguzi aliitwa Nelius, mwanamke mnene wa Kimeru, naye alikuwa ameokoka. Walisalimiana kwa Kiswahili cha mashaka, mmoja akichanganya Kiembu na mwingine Kimeru, wakakumbatiana kama ndugu wa imani. Wambeti alipotaja jina la Nyamu, Nelius aliitikia mara moja.

"Nyamu wa msumeno! Namkumbuka. Nilimshona mimi mwenyewe. Alilia kama mtoto." Akacheka. "Ilikuwa siku ya soko, Jumatano. Nakumbuka kabisa, kwa sababu nilikuwa nimechelewa kununua viazi kwa ajili yake."

Jumatano. Mtu aliyeshonwa Kiirua Jumatano angeweza kupanda lori la moja kwa moja usiku na kuwa Embu Alhamisi asubuhi, akiwa na bua la moto mkononi. Wambeti alishangaa alivyofurahi. Baadaye, katika maisha yake yote, furaha ile ya nukta moja ndiyo aliyoionea aibu kuliko yote.

"Tuangalie kitabu," Nelius akasema.

"Si umesema unakumbuka kabisa?"

"Nakumbuka. Lakini tuangalie."

Akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi, akalamba kidole, akafungua Machi. Wambeti alijua kusoma, alifundishwa na kina mama wa kanisa. Aliona mwenyewe. Jumatano tarehe kumi na sita palikuwa na watoto wa kikohozi na mzee wa macho. Jina la Nyamu halikuwapo. Lilikuwa ukurasa wa pili: Alhamisi, tarehe kumi na saba Machi, saa tatu na robo asubuhi. Mkono wa kulia, nyuzi saba. Kando yake palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa buluu.

"Dole la kushoto," Nelius akasema taratibu, akiligusa. "La kulia nilikuwa nimelifunga. Na tazama, Ijumaa alirudi kusafishwa kidonda. Dole la kushoto tena." Alikuna kichwa. "Kumbe Alhamisi. Viazi vilikuwa vya siku nyingine. Ningeulizwa ningeapa ni Jumatano."

"Ungeapa?"

"Ningeapa, dada. Kwa nia njema kabisa."

Wambeti aliweka kidole gumba chake kando ya alama ile, asijue kwa nini. Nyamu alikuwa ameweka mkono wake hapa, mwendo wa usiku mzima kwa lori kutoka kanisani, saa ileile ambayo yeye alikuwa akimwona.

Akaketi kwenye benchi la wagonjwa akamweleza Nelius yote. Hakuficha kicheko cha Krismasi. Mwishowe aliuliza lile alilokuwa amelibeba njia nzima. "Sasa niseme Mungu alinidanganya?"

Mgonjwa aliingia, Nelius akamwambia asubiri nje.

"Mimi si mchungaji," alisema. "Lakini umesema Mungu alikuonyesha, na jambo lenyewe halikuwa. Basi kati yenu wawili kuna mmoja aliyekosea. Mimi simdhanii Mungu." Akachukua karatasi, akaanza kunakili mistari ile miwili kwa mwandiko wa polepole. "Hata mimi nilikuwa karibu kumpoteza mtu kwa ajili ya viazi. Ndiyo maana tunaandika."

Akapiga muhuri wa zahanati mara mbili, juu na chini.

*

Mzee Mbaka aliisoma karatasi akiwa amesimama. Aliisoma tena. Hakuwa mtu mbaya.

"Karatasi zinaweza kuandikwa na yeyote," alisema. "Shetani naye anajua kuandika."

"Aliyeandika hii ameokoka, mzee."

"Dada Wambeti, nisikilize. Watu kumi na wanane walitubu kwa ajili ya ushuhuda wako. Mabati yamekwisha pigwa misumari. Ukisimama sasa useme hukuona, watasema na mengine tuliyoyashuhudia hatukuyaona. Watasema hata Biblia ni ndoto za watu wenye njaa." Alimrudishia karatasi. "Mpelekee bwana shauri kimyakimya. Kanisani usiseme."

"Kanisani ndiko nilikosemea kwa sauti."

"Basi ngoja kidogo. Ngoja mwaka uishe."

"Mzee, yule mtu yuko kizuizini."

Mbaka aliinua uso. Alitazama mabati mapya yaliyong'aa juu yao.

Jumapili Wambeti alisimama. Desturi ya ushirika ilikuwa kwamba mtu akikiri dhambi, wenzake wanampokea kwa wimbo wa shukrani, wanamkumbatia, na jambo linaisha. Alianza kusema, "Ndugu zangu, nimekuja kukiri—" na mara wimbo ukaanza, kwa furaha, makofi yakipigwa, wanawake wakiinuka kumkumbatia.

"Msiimbe," alisema. Hawakumsikia. Ikabidi apige kelele. "Msiimbe! Sijamaliza!"

Kanisa likanyamaza. Kichanga kimoja kikaendelea kulia.

"Nilisema Bwana alinionyesha Nyamu akichoma kanisa. Nyamu alikuwa Kiirua, anashonwa mkono. Imeandikwa, na alama ya dole lake ipo. Nilichokiona sikijui. Pengine palikuwa na mtu, pengine ni moshi tu. Jina la Nyamu sikupewa na Mungu. Lilikuwa ndani yangu tayari, kwa sababu nilimchukia. Nililitia kinywani mwa Mungu ili lipate nguvu."

Alingoja. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mwanamke aliyeketi kando yake, ambaye mtoto wake ndiye aliyepona kama Wambeti alivyosema, alivuta kanga yake taratibu akasogea upande wa pili wa benchi. Rwamba, aliyekuwa amesimama nje dirishani kwa sababu tangu Pasaka hakuwa akiruhusiwa kuketi ndani, aligeuka akaondoka.

Kwa bwana shauri mambo yalikuwa mafupi zaidi. Karani aliisoma karatasi akamtazama juu ya miwani.

"Mama, Machi uliapa kwamba ulimwona. Leo unaapa kwamba hukumwona. Tuandike kipi?"

"Msiandike changu. Andikeni cha hiyo karatasi."

"Hii ndiyo iliyotakiwa tangu mwanzo," karani akasema, kana kwamba ni yeye Wambeti aliyewazuia kuitafuta. Akaitia kwenye faili. Alisema faili la Nyamu limeshakwenda Mwea, kwenye kambi ya kizuizini, na kwamba kumtia mtu ndani ni barua moja na kumtoa ni barua kumi.

Zilikuwa barua za miezi tisa. Katika miezi hiyo Wambeti hakuketi tena mbele kanisani, na hakuna aliyemwuliza Bwana amemwonyesha nini. Mwaniki alirudi kula ndani. Aliyechoma kanisa hakujulikana. Kwenye handaki Wambeti alichimba sehemu yake, kisha alivuka kwenda sehemu ya Rwamba akachimba na hiyo, na Rwamba alimwacha achimbe bila kumwambia asante wala ondoka.

*

Nyamu alirudi Machi ya mwaka uliofuata. Watu walimwona akipita langoni, mwembamba, nywele zimeingia mvi upande mmoja. Wambeti alikaa siku mbili nyumbani kwake akisikia sauti ya Rwamba ng'ambo, sauti kubwa kuliko kawaida, lakini hakuelewa ni kwa nini. Siku ya tatu mchana, watu wakiwa wamerudi kula, alivuka zile hatua kumi.

Nyamu alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, akitazama mkono wake. Rwamba alikuwa jikoni. Wambeti alipiga magoti kando yake. Shemeji mkubwa hapigi magoti kwa mdogo, na alijua majirani wanaona, lakini alipiga. Alikuwa ameyapanga maneno yake miezi tisa. Aliyasema kwa sauti ya chini sana, uso umeinama, karibu na sikio lake: kwamba alimchukia kwa ajili ya kicheko, kwamba alimsingizia kwa jina la Mungu, kwamba hakuna ukungu wala njaa vya kulaumiwa, kwamba anaomba msamaha na hadai kupewa. Alisema mpaka mwisho. Halafu alingoja.

Nyamu hakusema kitu. Alikuwa akipitisha kidole kwenye kovu. Dakika ikapita. Wambeti akafikiri, hili ndilo jibu, na ninastahili. Akaanza kuinuka.

Hapo ndipo Nyamu alipoona kivuli kikisogea, akashtuka, akageuza kichwa kizima.

"Shemeji! Kumbe uko hapa?" Alimtazama usoni, akaona machozi, akatazama magoti yake yenye vumbi. "Ulikuwa unasema?"

Rwamba alitokea mlangoni, mwiko mkononi. "Upande huo hasikii," alisema. "Walimpiga huko siku ya kwanza ya kuhojiwa. Hilo sikio limekufa."

Nyamu aligeuza kigoda taratibu, akamwelekezea sikio la pili. "Huku kidogo nasikia," alisema. "Lakini useme kwa nguvu."

Wambeti alitazama huku na huku. Milango yote ilikuwa wazi, watu wameketi na sahani zao, na kule mnarani homgadi alikuwa ameegemea bunduki akiwatazama. Akapiga magoti tena, upande wa pili. Akavuta pumzi, akaanza upya tangu mwanzo, kwa sauti iliyosikika mpaka langoni.